Mwaka Mama Zai Alipokwenda Kusomea Maturubai

Gervas kafa, na turubai la msiba wake nimelifunga mwenyewe. Vijana wangu walikuwepo, tena wana misuli kama wamemeza viroba vya unga, lakini niliwaambia kaeni pembeni, hili langu. Nyumba yake ya Mikocheni uani kote kajaza sementi, hakuna pa kuchomeka kigingi, nikaishia kupiga kimoja katikati ya maua ya mkewe. Moyo mmoja ukaniambia, samahani braza. Moyo wa pili ukaniambia, piga tu, huyu mtu na yeye alikupigia kigingi kifuani mwaka mzima. Nikalia. Watu wakanishika bega, "Mzee Shomari, pole, ulimpenda sana marehemu." Nikawaambia, sana. Ukweli ni kwamba yule mtu nilimwonea wivu, na wivu wenyewe ungekuwa umeme, jiji hili lisingelala giza hata siku moja. Na huku nalia, jicho langu la pili lilikuwa upande wa wanawake, kwa Mama Zai, mke wangu. Alikuwa kajifunika kanga mpaka puani, analia kimyakimya. Nikawa nayatazama yale machozi kama mtu anayeona bomba linavuja mtaani na anahisi bili itakuja kwake.

Ule mwaka tulikuwa tunakaa Mwananyamala, vyumba viwili na sebule. Nasema vyumba viwili, lakini kimoja kilikuwa cha maturubai na cha pili tulikuwa tunalala sisi na viti vya plastiki. Viti vilizunguka kitanda pande zote, ukiamka asubuhi unajiona kama mgeni rasmi, unataka kushika kipaza sauti uwashukuru waliohudhuria. Biashara ilikuwa kukodisha: harusi, msiba, khitma, mkutano wa mtaa, wewe sema tu. Lile turubai letu kubwa tuliliita Mama Mkubwa. Likisimama, ndege walikuwa wanazunguka mbali, wanadhani ni nchi nyingine. Mie kusoma nilisoma mpaka darasa la nne, tena la nne nililipenda sana nikalirudia. Mama Zai, jina lake Rukia, yeye alikuwa na digrii yake na kazi ya ofisini mjini, na kwa nini mtu wa namna ile alikubali kuolewa na mie, hata mashehe wameshindwa kueleza. Nadhani nilimchekesha, basi. Sina sifa nyingine.

Jioni moja tunakula mihogo ya nazi, akaweka kijiko chini. "Baba Zai, nataka kurudi shule."

"Shule ipi tena? Si ulishazimaliza zote, wakabaki wanakutafutia nyingine?"

"Masta. Ya biashara. Madarasa jioni, nikitoka kazini."

"Biashara ipi?"

"Hii yetu."

Nilicheka mpaka muhogo ukapanda puani. "Mama Zai, turubai unafunga, halafu unafungua. Hapo katikati watakufundisha nini mwaka mzima?"

"Hapo katikati," akasema, "ndio napotaka kupajua."

Sikumkatalia. Mie sio mume wa kumfungia mtu mlango, na hata ningetaka, mlango wetu ulikuwa umezibwa na viti. Akaanza. Wiki ya kwanza karudi na madesa, yale makaratasi ya chuo, rundo linalotosha kufungia maandazi ya Kinondoni nzima. Wiki ya pili karudi na Gervas.

Huyo Gervas alikuwa mwanafunzi mwenzake, mtu wa Bukoba, na nyie mnawajua watu wa Bukoba na kitabu. Alikuwa na gari dogo jeupe, na njia yake ya kwenda kwake ilikuwa inapita Mwananyamala. Ndivyo alivyosema. Mie nilivyoijua ramani, njia yake ilikuwa barabara kubwa, haina sababu ya kukata kona kuja kwetu. Alishuka, shati jeupe kama limetoka kuzaliwa, akanisogelea kwa mikono miwili: "Shikamoo shemeji." Nyie! Yule bwana na mie tumepishana muda wa kunyoa ndevu tu. Shikamoo kwetu ni heshima, najua, lakini ukipewa na kijana mwenye gari mbele ya mkeo inakuongezea mvi papo hapo. Na hilo neno shemeji alikuwa analisema kila sentensi, shemeji chai nzuri, shemeji una viti vizuri, mpaka nikawa nahisi mie ndio nimeolewa. Na manukato yake! Yalikuwa yanafika kabla yake, yanakaa kwenye kochi, na yeye akishaondoka yenyewe yanabaki yanaangalia taarifa ya habari.

Baada ya hapo kila Jumamosi mchana kundi lao la chuo likawa linakutana sebuleni kwetu kujisomea. Gervas, sista mmoja mnene mcheshi wa benki anaitwa Doreen, na mwingine au wawili wanaokuja wakisikia kuna pilau. Mie nilikuwa nakaa nje chini ya dirisha na sindano ya kushonea magunia, nashona maturubai. Maturubai yalikuwa hayajachanika. Nilikuwa nachana mwenyewe ili nipate cha kushona. Mama Mkubwa ule mwaka alipata makovu kuliko bondia, yote kwa ajili ya mimi kusikia Gervas kasema nini na mke wangu kacheka kwa sababu gani.

Na nilisikia. Nadhani nimesoma nusu ya ile masta kupitia nondo za dirisha. Siku moja Doreen akawaambia, "Jamani, kabla hujauliza utauzaje, jiulize unauza nini." Gervas akadakia, "Haya Rukia, nyie hapa mnauza nini?" Mie sikuweza kuvumilia, nikabandika uso kwenye nondo: "Kivuli!" Wakacheka, wakanipigia makofi, Doreen akasema shemeji ungekuja darasani. Nikavimba. Nilivimba mpaka kofia ikabana. Halafu yule Gervas, kwa upole wake ule, akauliza, "Na shughuli za usiku, shemeji? Jua halipo, lakini turubai wanakodi."

Nikajichoma sindano. Na humo ndani wote wakawa wanacheka, na Rukia anacheka ile cheko yake ya kurudisha kichwa nyuma, ambayo mie nilikuwa najua ufunguo wake uko mmoja tu na ninao mfukoni. Halafu akasema taratibu kama anaongea peke yake: "Tunauza kuonekana. Nyumba ikifungwa turubai, hata mpita njia anajua hapa kuna jambo. Anapunguza mwendo. Anasema pole, au anasema hongera. Bila turubai, mtu analia peke yake na majirani hawajui." Huku nje mie nikaacha kushona. Mie lile turubai nililifunga miaka, nililijua kila tundu, na sikuwahi kujua kwamba ndicho ninachouza. Nikaona wivu kwa turubai langu mwenyewe. Mtu wa pili kalifahamu zaidi yangu, na mtu huyo nakula naye sahani moja, na swali lililomfikisha hapo kaulizwa na mwanaume mwingine.

Nyumbani na penyewe pakageuka. Zamani tukila tulikuwa tunasengenya watu kama kawaida. Ule mwaka, maswali. Kwa nini viti vinavunjika miguu ya nyuma? Kwa sababu watu wakishiba wanaegemea, mke wangu. Kwa nini Kawe wanatuita mara moja hawarudi? Kwa sababu wao wana bahari, wanapigwa upepo bure. Kwa nini wateja wa msiba hatuwaulizi turubai litakaa mpaka lini? Hapo nikaacha kula. "Mama Zai, huko chuo wanakufundisha adabu au wanakuondolea? Unamuuliza mfiwa ataacha kulia lini?" Akasema sawa, ameuliza tu. Ndio ubaya wa ile masta. Walikuwa wanauliza tu.

Halafu likaja swali lenyewe. Jumamosi, nipo chini ya dirisha langu, Rukia anawaeleza wenzake kazi yake ya mwisho ya chuo, kwamba ataiandikia biashara yetu. Gervas akauliza: "Shemeji akiondoka leo, hii kitu itasimama?"

Sikusikia jibu. Masikio yaliziba, nadhani hata mbuzi wa jirani alinihurumia. Akiondoka! Kumbe wamekaa kwenye makochi yangu, wanakula pilau langu, wanapanga nikishaondoka. Nikawapangia na mie picha yote kichwani: yeye na Gervas, gari jeupe, Mama Mkubwa kafungwa Mikocheni kwa harusi yao, na mie ndio nimeajiriwa kupanga viti. Wiki ile nikanuna. Mie kununa nilikuwa nimeshaanza tangu mwanzo wa mwaka, lakini ile ilikuwa daraja la juu, ningekuwa nimesomea ningepewa joho. Naingia, nakula, natoka. Muuza chai wa pale kona akaniuliza nimefiwa na nani. Hata mtoto wetu Zai, alikuwa mdogo, alikuwa akiniona anaanza kunong'ona.

Sasa wiki hiyohiyo Mama Mkubwa alikuwa Temeke, kwa Bi Kidawa, kafiwa na mumewe. Khitma ilishasomwa, siku za msiba zilishapita, na turubai bado limesimama. Jumamosi nina shughuli kubwa Kawe, sendofu, ya kumuaga binti wa watu anayeolewa, na wenyewe wanataka turubai lile kubwa, wageni wao ni wengi kama siafu. Lakini sheria ya kazi yetu, na haijaandikwa popote, ni kwamba mwenye turubai haendi msibani kuulizia turubai. Utaambiwa unawafukuza watu wanaolia. Unasubiri waanue tanga, waseme msiba umekwisha, halafu wakuite. Basi nikawa napita kwa mbali na kirikuu changu, kile kigari cha mizigo, nachungulia. Kila nikipita naona watu wamekaa chini ya turubai, wengine wamelala kwenye mkeka. Nasema masikini, bado wana uchungu. Naondoa gari.

Jumamosi asubuhi kundi la chuo likawahi kuja, likanikuta uani nazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Rukia akawaeleza. Gervas akaniuliza, "Shemeji, umewauliza?"

"Hapaulizwi."

"Kwa nini?"

"Ni adabu, bwana! Nyie huko kwenu mnaulizana?"

"Basi tusiulize," akasema. "Twende tukawape pole tu, tukae nao."

Kirikuu mbele kuna viti viwili. Mie nikashika usukani, Rukia akakaa pembeni yangu, wengine tukawaacha nyumbani, na Gervas na shati lake nikamweka nyuma na mabomba ya turubai. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu ya kwanza ya mwaka ule. Kila shimo la barabara nililiona, na kila shimo nililifuata. Nilienda mpaka mashimo ambayo yalikuwa hayapo njiani.

Tukafika kwa Bi Kidawa. Gervas akashuka kajaa vumbi, akavua viatu, na hapo Mungu akanipa raha ya pili: soksi yake ina tundu, kidole gumba kimetoa kichwa kinasalimia watu. Lakini hakujali. Akakaa kwenye mkeka. "Shikamoo mama, pole sana." Akaletewa kahawa, akanywa. Akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na yule mama akaanza kumweleza mumewe alivyokuwa anapenda ugomvi wa mpira, mpaka akatabasamu. Mie nimekaa nyuma ya watu nimekunja uso, najiuliza mbona mie sikuwahi kumuuliza. Ndipo Gervas akasema, taratibu kabisa, "Na sasa mama, mnamsubiri nani?"

Bi Kidawa akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Mwanangu, sie hatumsubiri mtu. Tanga tulishaanua zamani. Tunamsubiri mwenye turubai."

"Hajaja?"

"Haji! Na kumwita tunaona aibu, ataona alivyotusaidia halafu tunamfukuza na kitu chake. Na kuliacha peke yake hatuwezi, likiibwa je? Ndio hawa unaowaona wanashinda chini yake kwa zamu. Huyu mkwe wangu kazini hajaenda."

Yule mkwe kwenye mkeka akainua mkono, kachoka kweli.

"Mama," Gervas akasema, "mwenye turubai ndio huyu."

Bi Kidawa akanigeukia. "We Shomari! Kwa hiyo kile kigari kinachopitaga hapa mtu anachungulia kama mwizi, ndio wewe? Vijana walitaka kukupiga mawe!"

"Nilikuwa naogopa kuwasumbua, mama."

"Na sie tunaogopa kukusumbua wewe!"

Walicheka pale, jamani, kwenye nyumba ya msiba, mpaka wenyewe wanaziba midomo. Rukia alicheka mpaka akajishikilia nguzo. Mie peke yangu sikucheka. Kitu kilichonishinda mie mzaliwa wa humu, mwenye turubai, mwenye adabu zote za Pwani, kimemalizwa na mtu wa bara mwenye soksi tundu, kwa swali moja. Na hakutumia hata desa moja.

Tukaling'oa, tukalifukiza udi harufu ya msiba itoke, tukakimbia nalo Kawe. Gervas alipiga vigingi vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, anapiga hewa, anapiga kidole, na shati jeupe likawa na rangi ya mfereji. Bibi harusi aliingia chini ya Mama Mkubwa na hakuna aliyejua turubai limetoka msibani. Jioni tukarudi nyumbani na mabaki ya shughuli, pilau na kuku baridi, tukakaa mie na Mama Zai kwenye viti vyetu vya kukodisha. Nikasema, kama swali moja limetoa turubai Temeke, na mie ngoja nijaribu.

"Mama Zai. Unataka kuniacha?"

Akaacha kutafuna. "Nani kakwambia?"

"Nilimsikia Gervas. Eti mie nikiondoka."

"Baba Zai! Ukiondoka, yaani ukiumwa, ukifa, ukisafiri. Kila biashara tunauliza hivyo. Ukiumwa wewe leo, nani anajua vigingi viko wapi? Mie sijui. Ndio nilichowajibu."

Nikashusha pumzi mpaka pazia likatikisika. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini utamu wa kuuliza ulishaniingia. "Na Gervas mwenyewe, je?"

Mke mwingine angesema uongo mdogo, tukala. Huyu wangu alikuwa kasomea kusema ukweli. "Nilimfikiria," akasema.

"Ulimfikiria?"

"Wiki moja. Ikapita." Akachukua paja la kuku.

Swali lililobaki lilikuwa moja tu. Wiki gani? Badala yake nikaomba kachumbari.

Watu wananijiaga siku hizi, maana nimekuwa mtu na kitambi changu: Mzee Shomari, mwanangu anataka biashara, nimpeleke masta au nimpe mtaji? Mie nawaambia nilichokiona. Gervas alikuwa wa kwanza darasani, na kiwanda chake cha kwanza cha juisi kilikufa kabla maembe hayajaiva. Alikuja kwetu akakaa kwenye lile kochi, akanywa chai bila kusema shemeji hata mara moja, nikajikuta namhurumia na nimekasirika kwamba namhurumia. Rukia hakuwa wa kwanza, alikuwa wa katikati hukohuko, lakini aliacha kazi ya ofisi, na leo viti vyetu ukivipanga mstari vinatoka Kawe vinafika Bukoba, vingine vinatumbukia ziwani. Sio kwamba chuo kilimpa uchawi. Doreen na wale walaji wa pilau ndio walikuwa wateja wake wa mwanzo, maofisi yao yote yakawa yanakaa kwenye viti vyetu. Na lile swali la msiba tulianza kuliuliza siku ileile ya kuagizwa turubai: tuje lini? Hakuna mfiwa aliyewahi kukasirika. Wanashukuru. Ningesema masta inafundisha kuuliza kile ambacho wote mnakionea aibu, lakini mtaji haukai na mtu asiyejua kuuliza, na maswali hayanunui bomba hata moja, kwa hiyo mpe mwanao vyote viwili na umwombee dua.

Kwa Gervas tanga limeanuliwa jana. Nikamfuata mjane wake, nikakaa naye, nikamuuliza vizuri turubai tulitoe lini. Akasema, "Hata sasa hivi, baba, asante kwa kuuliza." Vijana wakaanza na viti. Mama Zai akaja akasimama pembeni yangu, macho mekundu, tunaitazama picha ya marehemu pale mezani, kavaa shati jeupe. Na lile swali miaka yote hii nilikuwa nalala nalo na kuamka nalo. Nimewahi kuzipekua wiki zote za ule mwaka moja moja kama mtu anayechambua mchele. Nikaona mtu kafa, turubai linatoka, kama siulizi leo basi.

"Mama Zai. Ile wiki ilikuwa wiki gani?"

Hakuniuliza wiki ipi. "Ile uliyoninunia."

"Si nilikununia mwaka mzima?"

"Zile nyingine," akasema, "ulikuwa unanuna huku unanichekesha."

Na akacheka, mkono mdomoni, kanga inamtetemeka, palepale msibani, mpaka watu wakageuka. Nikamwambia nyamaza, watasema tumekuja kufurahia. Halafu nikamwinamia Gervas pale kwenye picha, nikamnong'oneza kwamba lile tundu la soksi nililiona. Cheko ikazidi. Ilibidi nimtoe nje.